Jinsi ya kutoa kifurushi ulichoagiza mtandaoni ukiwa Arusha au Moshi

Maandalizi ya kutoa kifurushi huanza siku unayonunua. Hifadhi ankara ya muuzaji, uthibitisho wa malipo na namba ya kufuatilia mzigo. Ya posta ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ulikotoka. CN ni China. Jina la mpokeaji lifanane na kitambulisho utakachoonyesha. Jina la utani la WhatsApp likae hukohuko.

Kisha piga hesabu mwenyewe. TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, inajumlisha bei, nauli na bima, ndipo inatoza. Nauli ndiyo wengi huisahau. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki una makundi ya asilimia 0, 10, 25 na 35, kulingana na aina ya bidhaa. Juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe inakuja VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18. Kitu cha shilingi 200,000 chenye nauli ya 60,000, kikiwa kundi la asilimia 25, kina ushuru wa 65,000 na VAT ya 58,500. Hapo ni 123,500, na bado tozo ya reli na ada nyingine ndogo. Kama hesabu hiyo inakuumiza, afadhali ikuumize kabla hujabonyeza "nunua".

Posta wakikuita, nenda na kitambulisho na karatasi zako. Arusha, ofisi kuu iko pale Mnara wa Saa. Afisa forodha anaweza kufungua kifurushi akague. Usimwombe muuzaji aandike "zawadi" au bei ya kuchekesha: afisa asipoiamini thamani hiyo, sheria inamruhusu kutumia bei ya bidhaa zinazofanana, na wewe utakuwa huna hoja. Ukitumia kampuni za vifurushi kama DHL, wao hushughulikia forodha kwa niaba yako na kukutoza ada yao; omba nakala ya makadirio ya kodi. Mzigo wa biashara unahitaji TIN, namba ya mlipakodi, ambayo hutolewa bure, na wakala wa forodha mwenye leseni.

Kodi hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, benki au kwa simu. Mtu akikupigia kwamba mzigo umekwama uwanja wa ndege wa KIA, utume hela kwenye namba yake binafsi, kata simu.

Kuna wanaopitisha mizigo Nairobi, ikaja kwa basi kupitia Namanga, au Holili kwa watu wa Moshi. Hilo halifuti kodi. Nafuu ya ushuru ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaangalia bidhaa ilikotengenezwa, na huthibitishwa kwa cheti cha uasili. Kiatu cha China kinabaki cha China hata kikikaa dukani Nairobi mwaka mzima. Dawa na vifaa tiba ni habari nyingine: ulizia TMDA, mamlaka inayosimamia dawa na vifaa tiba, kabla ya kuagiza.

Ukiona makadirio hayakai sawa, muulize afisa kwa upole ametumia kundi gani la ushuru na thamani ipi. Mara nyingi ankara ikionekana, mambo yanaisha hapohapo kaunta. Yasipoisha, kifungu cha 229 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 kinakupa siku 30 tangu uamuzi kumwandikia Kamishna aupitie upya. Ambatanisha ankara na uthibitisho wa malipo.