Kusoma na kukagua programu ndani ya HP-12C

HP-12C, kikokotoo cha fedha kilichotoka mwaka 1981, hakifuti programu ukikizima. Ukinunua kilichotumika, huenda ndani mna hesabu za mwenyewe wa zamani. Zisome kabla ya kuziamini.

Hatua ya 1. Bonyeza g, GTO, 0, 0 ili urudi mwanzo, kisha f na P/R. Kioo kitaonyesha 00-, maana sasa uko katika hali ya programu. Tahadhari: usibonyeze f PRGM ukiwa hapa. Nje ya hali hii inakurudisha mwanzo tu. Humu ndani inafuta programu yote.

Hatua ya 2. Bonyeza SST mstari kwa mstari na unakili kila kitu kwenye karatasi. Hakuna maneno, ni namba tupu. Kabla ya kistari ni namba ya mstari; baada yake ni kitufe: tarakimu ya kwanza ni safu ya vitufe kutoka juu, ya pili ni nafasi kutoka kushoto, na nafasi ya kumi huandikwa 0. Vitufe vya tarakimu havifuati kanuni hii. 8 huonekana 8 tu. Hapo ndipo wengi hupotea. Tazama:

01- 36
02- 1
03- 8
04- 25
05- 30

36 ni ENTER. 1 na 8 ni kumi na nane, kila tarakimu na mstari wake. 25 si ishirini na tano, ni kitufe cha %. 30 ni kutoa. Ukikuta 43, 33 00, hiyo ni GTO 00: rudi mwanzo usimame. Mistari isiyotumika hujazwa hiyo.

Hatua ya 3. Tuseme programu hii ilikusudiwa kuongeza asilimia 18 juu ya bei. Toka kwa f P/R, bonyeza g GTO 00, andika 5000, kisha SST mara tano. Ukishikilia SST unaona mstari, ukiachia, unatekelezwa. Utapata 5000, 1, 18, 900, halafu 4100. Hadi 900 hesabu iko sawa, kwa hiyo kosa liko mstari wa 05: pametoa badala ya kujumlisha.

Hatua ya 4. Bonyeza g GTO 04, f P/R, kisha +. Unasimama mstari mmoja kabla, kwa sababu kitufe kipya hufuta mstari unaofuata, hakichomeki katikati. Sasa 05 isomeke 40, na jibu liwe 5900.

Penye 43 34, yaani x≤y, programu hulinganisha namba na mpaka fulani; jaribu namba tatu: inayopungua mpaka, iliyo sawa nao, na inayouzidi. Ile iliyo sawa ndiyo huibua makosa mengi.