SOMO: ERA na WHIP za besiboli zinavyopigwa (sirudii tena)

Wadau, wiki hii nimeulizwa mara nne, mara moja nikiwa nimening'inia kwenye daladala la Kiboriloni. Naandika hapa, atakayeuliza tena namwelekeza huku. Zote mbili zinampima mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira: ERA ni pointi anazofungwa kwa wastani wa mechi kamili, WHIP ni wastani wa anaowaruhusu kufika besi kwa kila inningi.

1. Tuanze na ERA. Hesabu pointi anazobeba mrushaji mwenyewe. Iliyoingia kwa sababu mlinzi kadondosha mpira haimhusu.

2. Zidisha kwa 9. Mechi kamili ni inningi (zamu) 9.

3. Gawa kwa inningi alizorusha. HAPA SIMAMA.

Ukiona 6.2 usiguse kikokotoo. Nukta hiyo si ya desimali. Inningi moja ina auti tatu (wapinzani watatu kutolewa), kwa hiyo 6.2 ni inningi sita na auti mbili. Msimu uliopita nilijaza kauntabuku nzima ya vijana wetu hapa Moshi nikijumlisha 5.2 na 4.2 napata 9.4. Auti nne zimebaki pembeni na sikushtuka! Jibu ni 10.1. Kijana mmoja nikamwandikia ERA 4.35, yake ilikuwa 4.05, akaja kunisahihisha mbele ya mama yake. Tangu hapo nahesabu auti tu: pointi mara 27, gawa kwa auti zote. Pointi 3, auti 20, ndiyo hiyo 4.05.

Jipime kwa Bob Gibson, mrushaji wa St. Louis Cardinals, 1968: pointi 38, inningi 304.2, yaani auti 914. Inatoka 1.12. Ukipata nyingine, rudi juu.

4. WHIP: hiti (mpigaji kapiga mpira akafika besi) jumlisha waliopewa besi ya bure kwa mipira minne mibovu, gawa kwa inningi. Mrushaji Pedro Martínez, 2000: hiti 128 na besi za bure 32, kwa inningi 217. Ni 0.74.

MASWALI

– Kwa hiyo 6.2 ni sita na sehemu mbili za kumi?
– Hatua ya 3.
– Nimesoma.
– Soma tena, mangi.

– Si tuangalie tu nani kashinda?
– Mrushaji aliyefungwa pointi sita anaandikiwa ushindi wenzake wakipiga saba. Haya, endelea nao.

– Kaka, mrushaji wa kwanza katolewa, kaacha mpinzani besi ya pili. Aliyeingia kapigwa hiti, yule mtu kafika nyumbani. Pointi ya nani?
– Dada, hilo ndilo swali. Ya wa kwanza. Ni kama kikoba: anadaiwa aliyekopa, siyo aliyekutwa nyumbani. Ila hiti ni ya wa pili, inaingia kwenye WHIP yake. Ndiyo maana warushaji waingiao mwishoni siwaamini kwa ERA peke yake.

– Na vijana wetu wanaocheza inningi 7?
– Zidisha kwa 7, au auti kwa 21. Ila usiwalinganishe na wa Marekani.

– Mechi zenyewe saa nane usiku, unakesha?
– Silali nje ya ratiba yangu. Asubuhi nafungua jedwali la mechi, chai ikichemka nakokotoa.

– Kauntabuku kwaya ngapi?
– Mbili inatosha msimu. Majina andika kwa penseli, vijana wanaazimana jezi.