Somo: Maandishi ya rangi iliyochakaa kwenye ukuta wa chokaa, kwa GIMP

Somo hili linatengeneza maandishi yanayoonekana kama yalipakwa kwa brashi ukutani zamani, jua likayafifisha na unyevu ukayabandua. Programu ni GIMP 2.10, ya bure ya kuhariri picha. Wenye 3.0 watafuata hatua hizi hizi, ila kila wanapotumia filta waweke tiki kwenye Merge filter kabla ya kubofya OK, ili matokeo yaingie moja kwa moja kwenye tabaka (layer, yaani moja ya picha zinazopangwa juu ya nyingine). Majina ya menyu yameachwa kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Wengi hupakua picha ya mikwaruzo kutoka intaneti na kuibandika juu ya herufi. Mikwaruzo hiyo haina undugu wowote na ukuta ulio nyuma yake. Ufa wa ukuta unapita huku, ufa wa rangi unapita kule, na mtazamaji anaona stika. Katika somo hili ukuta wenyewe unafanya kazi zote tatu: unapinda herufi, unazichakaza na unazitia kivuli. Kwa hiyo chagua picha ya ukuta kwa makini zaidi kuliko unavyochagua fonti.

Picha ya ukuta

Tafuta ukuta mweupe au wa rangi hafifu wenye plasta isiyo laini. Kuta za mawe na chokaa, kama zile za Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni bora kuliko ukuta mpya wa saruji kwa sababu zina mabonde na vilima vidogo vidogo. Piga picha mwanga ukiwa unaulamba ukuta kwa ubavu, asubuhi au jioni, ili kila kijiwe kitoe kivuli chake. Usitumie flashi, kwani mwanga wake hutoka upande wa kamera na hufuta vivuli vyote unavyovihitaji. Simama ukiukabili ukuta moja kwa moja. Upana wa pikseli 3000 unatosha, na vipimo vyote vya hapa chini ni vya upana huo.

Hatua ya 1: Ramani ya ukuta

Fungua picha, ita tabaka lake "ukuta". Linakili kwa Shift+Ctrl+D, nakala uiite "ramani". Ukiwa kwenye ramani, nenda Colors, Desaturate, kisha Desaturate tena, uchague Luminance.

Sasa nenda Filters, Enhance, High Pass. Weka Std. Dev. 40, Contrast uiache 1. Picha itageuka kijivu cha wastani, na kitakachobaki ni vijiwe, nyufa na vishimo tu. Hatua hii huachwa na wengi, na ndiyo inayoamua kazi. Ukuta wowote una upande wenye mwanga zaidi na upande wenye giza. Usipousawazisha, herufi za upande mmoja zitafutika zote na za upande wa pili zitabaki mpya kabisa.

Nakili ramani mara moja zaidi, nakala uiite "ramani laini", kisha uitie Gaussian Blur ya 6 kutoka Filters, Blur. Ramani hizi mbili zina kazi tofauti: yenye chembe itachakaza, iliyo laini itapinda. Zifiche zote mbili kwa kubofya alama ya jicho.

Hatua ya 2: Maandishi

Bonyeza T. Chagua fonti nene, mfano Anton au Alfa Slab One, zote zinapatikana bure Google Fonts. Fonti nyembamba ikichakazwa haisomeki. Tuandike CHAI NA kwenye mstari wa kwanza, MAHAMRI kwenye wa pili, kwa Anton ya ukubwa wa pikseli 600.

Rangi isiwe kali. Nyekundu ya ff0000 (msimbo wa rangi) haipo kwenye kopo la rangi lililokaa juani. Tumia 9e2b25 kwa nyekundu au 1f4e79 kwa buluu.

Nakili tabaka la maandishi, ile ya awali uifiche na usiiguse tena. Ni akiba yako. Kwenye nakala, bofya Layer, kisha Layer to Image Size. Usipofanya hivyo, tabaka linaishia kwenye fremu ya herufi, na filta inayofuata itazikata kingo.

Hatua ya 3: Kupinda

Ukiwa kwenye maandishi nenda Filters, Map, Displace. Kuna sehemu mbili za kuchagua ramani, moja ya mlalo na moja ya wima. Zote ziwekee "ramani laini". Kiasi kiwe 8 kwa 8. Kuza picha hadi asilimia 100 uangalie kingo: zinatakiwa ziyumbe kidogo, kama mkono wa mchoraji ulipopita kwenye plasta yenye matuta. Zikiwa na meno kama ya msumeno, umetumia ramani yenye chembe badala ya ile laini. Neno zima likihama upande mmoja, kijivu cha ramani hakiko katikati. Tengua kwa Ctrl+Z, nenda Colors, Levels kwenye ramani laini, na usogeze pembetatu ya katikati mpaka kilima cha histogramu (mchoro wa kiasi cha giza na mwanga) kikae katikati.

Usizidishe 15. Kupita hapo herufi zinaonekana zimezama majini.

Hatua ya 4: Kuchakaza

Hapa tumia muda. Bofya tabaka la maandishi kwa kitufe cha kulia, Add Layer Mask, uchague White. Maski ndiyo inayoamua sehemu zipi za tabaka zionekane: nyeupe huonyesha, nyeusi huficha. Nenda kwenye "ramani", Ctrl+A, Ctrl+C. Rudi ubofye kijipicha cha maski (siyo cha herufi), Ctrl+V, halafu Ctrl+H ili kilichobandikwa kitue ndani ya maski.

Herufi zitaonekana nusu uwazi, kama ukungu. Ni sawa, kwa kuwa maski yote sasa ni kijivu. Maski ikiwa bado imechaguliwa, fanya Colors, Invert. Sababu yake ni hii: kinachong'aa kwenye picha mara nyingi ni vilima vya plasta, navyo ndivyo vinavyoguswa na mabega, mikoba na mvua. Rangi hufutika vilimani ikabaki mashimoni. Ukiacha kugeuza, rangi itabaki juu ya vilima na mashimo yatakuwa matupu. Mtu hatajua kosa liko wapi, lakini ataona kuna kosa.

Kisha Colors, Levels. Histogramu itakuwa kilima kimoja chembamba. Leta pembetatu nyeusi kwenye mguu wa kushoto wa kilima, na nyeupe uilete mpaka karibu na kilele. Simama pale ambapo kama robo tatu ya rangi imebaki. Threshold ingefanya kazi hii kwa haraka, ila inatoa nyeusi na nyeupe tupu, na kingo zinakuwa kali kama zimekatwa kwa mkasi. Levels inaacha kijivu, na kijivu tunakihitaji: nyeusi kwenye maski ni rangi iliyobanduka, kijivu ni rangi iliyofifia. Ukuta wa kweli una vyote viwili.

Sasa uchakavu wa mkono. Chukua Paintbrush, brashi ya Chalk 02 au mojawapo ya Acrylic, ukubwa 150, Opacity 40, weka tiki Apply Jitter, rangi nyeusi. Pita kwenye theluthi ya chini ya mstari wa MAHAMRI. Unyevu hupanda kutoka ardhini, kwa hiyo rangi ya ukutani huanza kubanduka chini. CHAI NA, iliyo juu, iguse kidogo sana.

Hatua ya 5: Kuunganisha na ukuta

Tabaka la maandishi libadilishe Mode iwe Multiply, Opacity 88. Vivuli vya plasta sasa vinapita juu ya rangi.

Mwisho, unene wa rangi. Nakili tabaka la maandishi, ile ya chini uifiche. Kwenye nakala fanya Layer, Mask, Apply Layer Mask, kisha Filters, Light and Shadow, Drop Shadow: X 2, Y 2, Blur radius 2, Opacity 0.35. Ukiruka Apply Layer Mask, kivuli kitakatwa na maski na hutaona mabadiliko kwenye sehemu zilizobanduka. Angalia jua la picha linatoka wapi: likitoka kulia, X iwe -2.

Hifadhi XCF (faili ya GIMP yenye matabaka yote) kwanza, ndipo utoe PNG kwa Shift+Ctrl+E.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimefuata yote ila ukuta wangu ni wa kijani kibichi iliyokolea. Nikiweka Multiply maandishi yanapotea kabisa.*

Multiply hutia giza tu, haiwezi kung'arisha. Kwa ukuta wa giza tumia rangi hafifu, kama krimu ya e8dcc0, na Mode iache Normal. Vivuli vya ukuta uvirudishe kwa njia nyingine: weka maandishi ndani ya kundi la tabaka lake peke yake, kundi liwe Normal, kisha juu yake ndani ya kundi weka nakala ya "ramani" yenye Mode ya Hard light, Opacity 60. Bofya nakala hiyo kwa kitufe cha kulia, Composite Mode, Clip to Backdrop. Itaonekana ndani ya herufi tu.

*Nimemaliza kazi, mteja anasema iandikwe MAANDAZI. Naanza upya?*

Hapana. Maski imetokana na ukuta, haikutokana na herufi, kwa hiyo inafaa neno lolote. Nakili tena ile akiba uliyoificha, badilisha neno, Layer to Image Size, kisha Displace kutoka Filters, Recently Used. Ongeza maski nyeupe, bofya maski ya zamani, Ctrl+A, Ctrl+C, ibandike kwenye mpya, Ctrl+H. Ni kazi ya dakika mbili. Ukijaribu kuhariri tabaka lililokwisha kupindwa, GIMP itakuonya kwamba mabadiliko yatafutwa, na kweli yatafutwa.

*Samahani, mimi natumia Photoshop. Je, inawezekana?*

Inawezekana, dada. Tofauti ni mbili. Filter, Distort, Displace ya Photoshop haichukui ramani kutoka kwenye tabaka. Hifadhi ramani laini kama faili ya PSD peke yake, kisha uichague inapouliza. Anza na 8 kwa 8. Kwa uchakavu una njia fupi: bofya mara mbili tabaka la maandishi, nenda Blend If, kwenye Underlying Layer vuta pembetatu nyeupe kuelekea kushoto. Shikilia Alt ili pembetatu igawanyike mara mbili, la sivyo kingo zitakuwa kali. Ubaya wa Blend If ni kwamba inasoma ukuta wenyewe bila High Pass, kwa hiyo upande wenye mwanga utaliwa zaidi. Ukuta wako usipokuwa na mwanga sawasawa, rudi kwenye maski.

*Mwalimu, nataka kuandika kwa herufi za Kiarabu juu ya mlango. Mbinu ni ile ile?*

Ni ile ile, ila chunga nukta. Ba, ta na tha umbo lake ni moja, zinatofautishwa na nukta pekee, na nukta ndiyo ya kwanza kuliwa na maski kwa sababu ni ndogo. Baada ya Levels, chukua brashi nyeupe ya Opacity 100, pita kwenye maski juu ya kila nukta na kila irabu uirudishe, kisha uichakaze kidogo kwa Opacity 20. Alt na kubofya kijipicha cha maski kutakuonyesha maski yenyewe, ni rahisi kuona kilichopotea. Displace nayo ishushe hadi 5, kwani miunganiko ya herufi ni membamba.

*Bango langu ni la mita 2 kwa upana. Pikseli 3000 zitatosha?*

Zinatoka pikseli 38 kwa inchi. Kwa bango la barabarani linalotazamwa kwa mbali linaweza kupita, kwa la kuwekwa mlangoni halifai. Lenga 100 kwa inchi, yaani pikseli kama 7900. Usikuze kazi iliyokamilika. Anza na picha kubwa ya ukuta, na kila kipimo kizidishe kwa 2.6: High Pass 104, Gaussian Blur 16, Displace 21, kivuli 5. Ukiacha vipimo vya hapa juu kwenye picha ya ukubwa huo, uchakavu utakuwa mdogo kama vumbi na hautaonekana ukishachapwa.

*Nikibandika ramani kwenye maski, inakuja kama tabaka jipya juu na maski haibadiliki.*

Ulibofya kijipicha cha herufi. Tengua, bofya cha maski mpaka fremu nyeupe iwe juu yake, ndipo ubandike.