Jibini ya kuchovya ya nyanya na rihani, bila kuwasha jiko

Kazi yote ya jibini hii ni kupigana na maji. Kwanza unayatoa kwenye mtindi, kisha unayatoa kwenye nyanya. Ukiyashinda hayo mawili, kilichobaki ni kukatakata na kuchanganya. Ukizembea, utaweka mezani bakuli linaloelea maji ya waridi, na wageni wa Tanga kwa adabu zao watakusifu sana, ila hutaona mkono ukirudi kuchovya mara ya pili.

Mimi ni mpishi wa vitafunio vya shughuli, nipo Ngamiani, Tanga mjini. Sambusa, katlesi, kababu, visheti, vyote hivyo vinataka karai la mafuta na moto wa kusimamia. Sasa fikiria mchana wa Februari hapa mjini, upepo wa bahari umegoma, jasho linakutoka hata jiko hujaligusa. Ndiyo maana kwenye kila oda napenda kuwa na kitu kimoja kisichojua moto. Jibini hii inaandaliwa usiku, inamaliziwa asubuhi, na wageni wakiwahi kabla pilau haijaiva unakuwa na cha kuwashikia.

Kwa watu sita hadi wanane, tafuta mtindi lita moja, nyanya tatu kubwa au nne za wastani, punje mbili za kitunguu saumu, rihani majani kumi na tano hivi, kotimiri nusu fungu, majani ya kitunguu mashina mawili, ndimu moja, chumvi, pilipili manga, na mafuta ya zeituni vijiko viwili vya chakula. Zeituni ukikosa, weka alizeti yenye harufu yake, isiwe mafuta yale mazito ya kukaangia.

Mtindi kwetu si tabu. Tanga ni mkoa wa maziwa, kiwanda cha Tanga Fresh kipo hapahapa, na dukani mtindi umejaa. Chukua usio na sukari wala ladha ya vanila. Soma na pakiti: kama wameandika wanga au jelatini, uache dukani, kwa sababu vitu hivyo vimewekwa makusudi kushika maji, nawe unataka yatoke. Ukinunua mtindi wa kienyeji kwa jirani anayefuga, muulize bila haya kama maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya magonjwa kama brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na uchachu wa mtindi si dawa ya kutegemea. Jirani mwema hakasiriki kwa swali hilo.

Kitambaa cha kuchujia ni marekani, ile nyeupe isiyotiwa rangi, ukubwa wa leso mbili za mkononi. Usitumie kifumbu cha nazi hata kama ndicho kilicho karibu, kwani harufu ya tui haitoki humo. Na kitambaa hicho usikifue kwa sabuni ya unga yenye manukato. Kichemshe kwenye maji matupu siku moja kabla, kianike juani, basi. Mtindi unavuta harufu haraka kuliko unavyodhani, na jibini yenye ladha ya sabuni haiokolewi na rihani.

Usiku, koroga mtindi na chumvi nusu kijiko cha chai. Weka chujio juu ya bakuli lenye kina, tandaza kitambaa kilichokunjwa mara mbili, mimina mtindi, kisha kunja pembe za kitambaa juu yake. Weka sahani ndogo na juu yake kitu kizito kidogo; mimi naweka mchi wa kinu changu cha viungo. Hakikisha chini ya chujio pana nafasi, maana maji yakipanda yakaligusa, yanarudi kule yalikotoka.

Vyote hivyo viingie kwenye friji. Najua wapo wanaotundika kitambaa kwenye msumari barazani, na pengine Lushoto kwenye baridi ya Julai wanafika salama. Hapa pwani usithubutu. Joto letu la usiku linaufanya mtindi uzidi kuchacha, na sisimizi hawahitaji kualikwa. Kama huna friji, au umeme umekatika, tumia deli lenye barafu, ukibadilisha barafu inapoyeyuka.

Maji ya kwanza yanatoka na rangi ya njano inayoelekea kijani. Hiyo ndiyo rangi yake. Yakitoka meupe, kitambaa chako kina matundu makubwa na jibini inapita. Kikunje mara moja zaidi. Ukishakaa muda wa saa nane hadi kumi, fungua. Ikiwa tayari, kitambaa kinabanduka bila kuvuta kitu, na juu ya jibini unaona alama za nyuzi zimejichora, mistari midogo inayokatana. Kidole kikibonyeza, shimo linabaki. Kama kitambaa bado kinanata na katikati panatikisika, kifunge tena saa mbili tatu. Lita moja huniachia kati ya theluthi moja na nusu yake, inategemea mtindi ulikuwa mzito kiasi gani.

Maji yaliyotoka usimwage. Yakandie unga wa chapati au maandazi badala ya maji ya kawaida, ila punguza chumvi, kwa sababu sehemu ya ile uliyotia jana imetoka nayo.

Waarabu wa Sham, yaani Syria, Lebanoni na majirani zao, hula mtindi uliochujwa hivi kila asubuhi na mafuta ya zeituni, wanauita labneh. Anayetaka njia ya mkato anaweza kununua jibini laini iliyo tayari. Ukipita Lushoto, shamba la Irente lina jibini zao, na ile laini inafaa sana kwa kazi hii. Za kopo kutoka nje nazo zipo madukani, lakini bei zake ni za kununulia kuku, na zina chumvi ya kutosha, kwa hiyo usiongeze nyingine mpaka umeonja.

Tuje kwenye nyanya. Pale soko la Mgandini ukishika nyanya, muuzaji atakuuliza, “Dada, ya mchuzi au ya kachumbari?” Sema ya kachumbari, akupe zilizoiva lakini ngumu. Nyingi zinashuka kutoka milima ya Lushoto kupitia Mombo, na zimebanwa kwenye matenga njia nzima, kwa hiyo geuza kila moja uangalie upande wa chini. Za umbo refu refu, kama Roma, zina nyama nene na mbegu chache, ndizo ninazozitaka. Zile kubwa za duara ni tamu lakini zimejaa maji. Zichukue kama hizo nyingine hamna, na uongeze moja. Nusa pale kikonyo kilipokaa. Nyanya isiyo na harufu pale haitapata ladha nyumbani kwako. Na usiziweke kwenye friji ukifika, baridi inaua harufu hiyo hiyo uliyoitafuta.

Zioshe kwa maji safi, maana zinaliwa mbichi na maganda yake. Zikate nusu kwa kiuno, si kutoka juu kwenda chini, ili vyumba vyote vya mbegu vifunguke. Shika kila nusu juu ya chujio, ingiza kidole, sukuma mbegu na ule ute wake. Hapa wengi wanakosea kwa kutupa. Ute ule ndio wenye ladha nzito kuliko nyama. Acha uchuruzike bakulini, kamulia ndimu, nyunyiza pilipili manga, unywe mwenyewe ukiwa jikoni, ni haki ya mpishi. Au uhifadhi kwa mchuzi wa jioni.

Nyama yake ikate vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Nyunyiza chumvi nusu kijiko cha chai, geuza, rudisha kwenye chujio safi, uache dakika ishirini hadi thelathini. Chumvi inayavuta maji yatoke. Utashangaa kikombe kitakavyojaa chini. Kisha zifungie kwenye kitambaa kikavu na ubonyeze polepole kwa viganja, usikamue kama nguo, zibaki vipande. Ukiziona zimesinyaa kidogo na rangi imekolea, zimefika.

Wakati nyanya zinachuruzika, shughulikia majani. Rihani Tanga ipo kwenye nyua za watu wengi, ila imepandwa kwa ajili ya kikuba, ikae na asumini kwenye nywele. Wifi yangu aliponikuta nachuma mrihani wa uani kwa ajili ya chakula aliuliza, “Wifi, leo kikuba kinaliwa?” Kinaliwa, tena kitamu. Ila mirihani haifanani. Tafuna jani moja kwanza: mwingine una harufu kali inayopanda puani, huo weka nusu tu ya kipimo. Chuma majani ya juu, machanga, kabla mti haujatoa maua, kwa sababu ukishachanua majani yanaingia uchungu. Huna rihani kabisa? Nanaa inakaa mahali pake, lakini majani sita yanatosha, ukizidisha utadhani unakula dawa ya meno.

Majani yote yaoshe, kisha yakaushe kwenye taulo safi mpaka yasilete hata tone. Maji tena, unaona. Tumia kisu kikali. Butu kinayaponda na yanakuwa meusi pembeni. Kotimiri katakata pamoja na vijiti vyake laini, mna ladha humo. Majani ya kitunguu yakate pete nyembamba. Kitunguu maji sikitii, kinatoa maji na kinafunika kila kitu.

Kitunguu saumu kinaliwa kibichi hapa, kwa hiyo kinataka ujanja. Kiponde kwenye kinu pamoja na kijiko kimoja cha chakula cha maji ya ndimu na chembe ya chumvi, ukiache dakika kumi. Ndimu inapunguza ule ukali unaobaki mdomoni. Punje mbili zinatosha hata kama wewe ni mpenzi, kwani kikikaa ndani ya jibini kinazidi kujitokeza.

Kuchanganya ni kwa mwiko au uma. Blenda iache kabatini. Visu vyake vinavunja mgando ulioujenga usiku mzima, na jibini inalegea upya. Ponda jibini kwa uma ilainike, tia kitunguu saumu na ndimu yake, pilipili manga ya kutosha, na kijiko kimoja cha mafuta. Tia majani, geuza. Nyanya ziingie mwisho, ukibakiza kiganja kimoja cha kupambia, na uzigeuze taratibu, rangi ibaki nyeupe yenye madoa mekundu. Ndipo uonje chumvi. Mwezi wa Ramadhani mchana sionji, ndiyo sababu nimekupa vipimo vya kijiko, ukivifuata haikuaibishi. Siku hizo naichuja baada ya tarawehe, alasiri naichanganya, na magharibi ipo kwenye mkeka pembeni ya tende.

Iache kwenye friji nusu saa majani yaingiane na jibini. Kisha ipakue kwenye bakuli la chini chini, tengeneza shimo katikati kwa mgongo wa kijiko, mimina kijiko cha pili cha mafuta humo, tawanya zile nyanya ulizobakiza na jani zima la rihani. Pilipili mbuzi iweke kwenye kisahani chake, watoto nao wachovye kwa amani.

Cha kuchovyea kiwe kikavu na chenye kushika. Krispi za muhogo ndizo namba moja kwangu, hazivunjikii bakulini. Chapati za jana ukizikata pembetatu na kuzianika zikauke zinafaa, mkate wa ajemi pia, na matango yaliyokatwa marefu bila mbegu. Krispi zikiwa na chumvi nyingi, nyanya zako ziongezee matone machache ya ndimu kusawazisha.

Kwenye shughuli usitoe bakuli moja kubwa likae mezani mchana kutwa. Kitu cha maziwa kisikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, ambalo kwetu si ajabu, basi saa moja. Mimi natoa vibakuli vidogo juu ya sinia la barafu, kikiisha kimoja naleta kingine kutoka kwenye deli. Kilichokaa juani hakirudi kwenye friji kungoja kesho.

Ukitaka kuandaa mapema, jibini tupu iliyochujwa inakaa kwenye friji siku nne, ndani ya chombo chenye mfuniko. Nyanya na majani vitie siku ya kula. Ikishachanganywa, imalizwe kesho yake asubuhi, ipakwe kwenye boflo na chai ya rangi. Ukikuta maji yamejikusanya juu usiku ule, inamisha bakuli uyamwage, usiyakoroge.