Pikapu yako ya mazutu, uiwekee mafuta gani ya moteri?

Kwa wenye kutembeza Hilux na Land Cruiser pikapu hapa Goma, swali ni lile lile kila vidanji (kubadilisha mafuta ya moteri), na jibu la kando ya barabara ni paka moja: weka ile nzito, 20W-50, moteri ni ya zamani. Apana, tusimame hapo kidogo.

Geuza kopo, soma nyuma, achana na picha ya mbele. Tafuta herufi za API, ile alama ya kuonyesha mafuta ni ya moteri gani. Zikianza na S (SL, SN) ile ni ya moteri za esanse, zikianza na C ni ya mazutu: CF-4, CH-4, CI-4, CK-4. Kama zimeandikwa zote mbili, CI-4/SL, haina shida. Moteri ya mazutu inatoa masizi mingi, na mazutu ikiwa na salfa inazaa asidi, sasa mafuta ya C iko na dawa ya kushika ule uchafu na kuua ile asidi. Njo maana inakuwa nyeusi haraka kisha vidanji, kazi yake ni hiyo, na fundi akikuonyesha kidole cheusi eti mafuta yamekufa, mwambie muangalie kilometa kwanza.

Gari zenye moteri ya Toyota 1HZ, 5L, ata 2KD ya turbo kama haina DPF (ile filtri ya kushika masizi kwenye bomba la moshi), mimi nasema 15W-40 CI-4, basi. Tuko mita 1500 hivi juu ya bahari, asubuhi kuna baridi lakini hakuna barafu, 15W, ile namba ya wakati wa baridi, inatosha kabisa. Ile 40 ni uzito wake moteri ikiisha kupata moto. 20W-50 uiachie moteri iliyochoka kweli, inayokula mafuta, juu asubuhi inachelewa kufika kwenye turbo na bei ya turbo munaijua.

Pikapu mpya yenye DPF ni habari ingine. CI-4 inaacha majivu, na majivu haichomeki, inaziba filtri polepole. Fuata kitabu cha gari, mara nyingi ni 5W-30 ya ACEA C (alama ya Bulaya ya mafuta yenye majivu kidogo).

Kuhusu mafuta feki: angalia ile pete ya kifuniko kama haijakatwa, na namba ya lo (ya kundi lililotengenezwa pamoja) iliyopigwa kwenye kopo. Halafu kopo yako ukiimaliza itoboe, usiache pale garaje ikiwa nzima, juu kuna watu wanazijaza tena.

Vidanji mimi nafanya kila kilometa 5000 na filtri mpya, usinisomee 10000 ya kitabu cha Bulaya. Ukipanda Masisi na mzigo, vitesi ya kwanza na ya pili, vumbi, mawe, moteri inazunguka masaa mengi na kilometa hazisogei, kitabu chenyewe kinasema barabara mbaya upunguze.

Kupima kiwango cha mafuta, tafuta kwanza pahali tambarare (Goma na haya mawe ya volkano, kazi kwako), zima, ngoja dakika tano, futa fimbo ya kupimia, rudisha, toa tena. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji imeingia. Na ukiona kiwango kinapanda wakati haujaongeza kitu, nusa: ikinuka mazutu, simamisha gari uite mtu wa pompe na enjekta, usiongeze mafuta juu yake.