Namna ya Kulisoma Neno la Majivu katika Kiskoti

Anayesoma maandishi ya Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo jamaa ya Kiingereza na si ya Kigaeli, lugha nyingine ya nchi hiyo, atayakuta majivu yameandikwa ase, aise, ass au ess, kwa kuwa lugha hiyo haina tahajia moja inayofuatwa na wote. Kwa hiyo kabla ya kuamua maana, tazama neno limeandamana na nini: likiwa karibu na meko, ndoo au jaa, kwa kawaida ni majivu. Umbo la ass ndilo linalowapoteza wengi, kwani aliyezoea Kiingereza hudhani anasoma habari za punda, ilhali Waskoti humwita punda cuddy. Jihadhari pia na ashet, sahani kubwa ya kuandalia nyama, ambayo imetoka Kifaransa wala haina undugu na meko.

Maneno ya kuunganisha yafasiriwe kwa kazi ya kitu chenyewe. Ase-hole ni shimo la chini ya meko ambamo majivu hudondokea, ass-backet ni chombo cha kuzolea, na ass-midden ni jaa yanakomwagwa. Aizle si jivu bado, bali ni kaa la moto. Katika shairi la Robert Burns, mshairi wa Uskoti, liitwalo Halloween, lililochapishwa mwaka 1786, bibi mmoja anavuta kiko kwa hasira hata haoni kwamba aizle imeunguza aproni yake mpya. Ukiandika jivu mahali hapo, kichekesho chote kimepotea.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni pale neno linapotajwa kwa mtu. Assiepet au assiepattle ni mtoto mchafu, au mvivu asiyebanduka motoni, na hilo ni tusi dogo la nyumbani. Katika ngano ya visiwa vya Orkney, hata hivyo, Assipattle ni jina la kitinda mimba wa wana saba, anayedharauliwa kwa kulala majivuni, ambaye baadaye anaingia tumboni mwa nyoka mkubwa wa baharini na kumuua kwa kuchomeka kipande kinachowaka cha mboji, yaani udongo wa mimea iliyooza unaokaushwa na kutumiwa kama kuni, katika ini lake. Kwa maoni yangu mfasiri aliache jina hilo lilivyo, kisha alieleze mara moja tu, kwa sababu ngano yenyewe inategemea kwamba aliyechekwa kwa kukaa mekoni ndiye aliyemshinda yule mnyama kwa moto wa mekoni.

Ukibaki na shaka, fungua kamusi ya mtandaoni ya Dictionaries of the Scots Language, inayojumuisha kamusi mbili kubwa: moja ya Kiskoti cha zamani hadi mwaka 1700, nyingine ya kuanzia hapo. Angalia kwanza umri wa maandishi yako, kwa maana katika yale ya zamani utakuta wingi kama assis, na utafute kwa tahajia zaidi ya moja.