Kupaka pomadi ya steroidi kwenye pumu ya ngozi

Kila kiangazi hapa Bukavu, vumbi likishapanda Kadutu, akina mama huniletea watoto wenye pumu ya ngozi (ekzema), waliojikuna viwiko na nyuma ya magoti mpaka damu. Wengi huja tayari na tibu, yaani mrija wa pomadi ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi. Kabla hujaifungua, isome.

1. Tafuta jina la dawa, lile la maandishi madogo. Hydrocortisone 1% ni laini. Bétaméthasone ni kali. Clobétasol 0,05% ni kali kupita zote, nayo imo katika mafuta mengi ya kujichubua. Mtoto asipakwe hizo kali bila daktari kusema. Usoni, kwapani na kwenye kinena, tumia ile laini tu.

2. Hakikisha ni pumu ya ngozi. Duara lenye kingo zilizoinuka ni choa, na steroidi hulificha huku likienea. Nyumba nzima ikijikuna usiku, huo ni upele. Ukiona usaha, nenda kituo cha afya kwanza.

3. Mwogeshe kwa maji vuguvugu, mkaushe bila kusugua, mpake vazelini mwili mzima. Subiri nusu saa.

4. Pima kwa kidole. Kamua pomadi juu ya kidole chako cha shahada, kuanzia nchani hadi mkunjo wa kwanza. Hiyo ni nusu gramu, inatosha eneo la viganja vyako viwili, vidole vikiwemo. Mama mmoja aliogopa dawa, akawa anakamua kiasi cha punje ya mtama kwa miguu yote miwili. Wiki tatu mtoto hakulala. Nilimkamulia kipimo kidoleni mwake, akashtuka: "Yote hii?" Ndiyo mama, yote, lakini kwa siku chache.

5. Paka mara moja kwa siku, mahali penye ugonjwa tu, siku 7 hadi 14. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, kwa hiyo pima kwa kupapasa: pakiwa laini na mwasho umekwisha, acha. Doa linalobaki si ugonjwa. Litafifia lenyewe kwa miezi, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wanaendelea kulipaka doa mpaka ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi inatokea.

6. Vazelini iendelee kila siku. Wiki mbili zikipita bila nafuu, rudi kwa mhudumu. Na kama umepaka dawa kali kwa miezi, usiikate ghafla peke yako: njoo na tibu yenyewe, tuipunguze pamoja.